Anayelipia karatasi si mwenye tovuti

Ingia steshenari yoyote yenye kompyuta mbili na printa moja, siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi, utazame kinachotoka. Tangazo la ukurasa mmoja limekuwa kurasa nne. Wa kwanza umemezwa na menyu na picha. Utepe wa kuomba ruhusa ya vidakuzi, uliokuwa umeganda chini ya skrini, umejirudia kwenye kila karatasi na kufunika mistari ya maandishi. Palipoandikwa “bofya hapa” pamebaki hivyo hivyo, wino mtupu usiobofyeka. Mteja analipa kwa kila karatasi, na lawama zinamwangukia kijana wa steshenari. Kwa maoni yangu, wa kulaumiwa ni aliyepanga mitindo ya ukurasa ule kwa ajili ya skrini peke yake.

Hana kisingizio cha kiufundi. CSS, lugha ya mitindo ya kurasa za wavuti, ilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, na toleo lake la pili, la Mei 1998, tayari liliruhusu kanuni za skrini na za karatasi zitofautiane. Kazi yenyewe ni mistari michache: ficha menyu, ondoa utepe, andika anwani mbele ya kila kiungo, zuia kichwa cha habari kisiachwe peke yake mwishoni mwa ukurasa. Kinachotushinda ni mahali pa kuiweka. Desturi ya zamani ni kuitengea faili yake, nayo faili hiyo huandikwa siku ya kuzindua tovuti, basi. Miezi ikipita, mtu anaongeza kitufe kinachoelea cha kuwasiliana; anakipamba kwenye faili ya skrini, na hakuna kinachomkumbusha kwamba kitaingia karatasini pia. Ndiyo maana nashikilia kuwa kanuni za pamoja, kama za vichwa na majedwali, ziandikwe mara moja tu, na kanuni ya karatasi ikae papo hapo chini ya ile ya skrini inayohusu kitu hicho hicho. Anayekigusa kitufe azione zote mbili.

Wapo watakaosema faili mbili huokoa bando la msomaji. Haziokoi: kivinjari hupakua hata faili ya kuchapa, ila huiweka mwisho wa foleni. Hoja nzito zaidi ni ya wanaosema PDF inatosha. Kwa cheti au fomu rasmi, nakubali. Lakini PDF ya A4 kwenye simu ni kuvuta huku na huku kwa vidole, na tarehe ya mwisho ikisogezwa kwenye ukurasa, nakala ya PDF hubaki na ile ya zamani mpaka mtu aikumbuke. Na anayedai kwamba watu hawachapishi tena, aulize ofisi inayotaka nakala mbili zilizogongwa mhuri.

Kukagua hakuhitaji hata karatasi moja. Kila kivinjari cha kompyuta huonyesha ukurasa utakavyotoka kabla ya kuchapwa. Taasisi inayolipia tovuti kwa fedha za umma ingeweza kudai ioneshwe hilo kabla ya kutoa malipo ya mwisho.