Kabla mtoto hajapasuliwa jicho, ulizia kifaa cha kope

Ukisikia redioni kwamba madaktari bingwa wa macho watapiga kambi kwenye hospitali ya wilaya yako, nyuma ya tangazo hilo kuna lengo kubwa la kidunia. Mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani (WHO) zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 kiwango cha wahitaji wanaopasuliwa mtoto wa jicho na kurudi kuona vizuri kipande kwa pointi 30 za asilimia. Ni lengo zuri, na mzee anayeshikwa mkono kwenda chooni anastahili kufikiwa nalo. Tatizo ni namna linavyohesabiwa. Kambi hupimwa kwa idadi ya macho yaliyopasuliwa, na macho mengi ni ya wazee. Kwa hiyo masanduku ya vifaa nayo hufungashwa kwa ajili ya wazee.

Sasa chukua mama anayefika kwenye foleni ile ile na mtoto wa miaka miwili mwenye weupe katikati ya mboni. Atajuaje kama mahali pale pamejiandaa kumpasua mtoto? Hawezi kukagua darubini wala mashine ya usingizi. Lakini kuna kifaa kimoja kidogo anachoweza kukiulizia, na jibu litamwambia mengi.

Wataalamu wanakiita spekulamu. Akina mama waliowahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi watalikumbuka jina hilo. Ni ukoo mmoja wa vifaa vya kutanua, ila hiki cha jicho ni chembamba na chepesi, aghalabu ni waya wa chuma uliokunjwa. Hapa tukiite kitanua kope. Kina mikono miwili ambayo ncha zake zimepindwa kama ndoano butu. Mkono mmoja huingia chini ya kope la juu, mwingine chini ya kope la chini, kisha kifaa kinaachwa kijifungue chenyewe kama springi au kinafunguliwa taratibu kwa skrubu. Jicho linabaki wazi mpaka kazi iishe.

Kwa nini lazima? Kwa sababu kupepesa si jambo unaloweza kulizuia kwa nia njema. Ganzi ya matone inaua maumivu juu ya jicho, lakini msuli wa kope unaendelea na kazi yake, na kitu kikikaribia utabana tu. Ukibana kwa nguvu, mgandamizo ndani ya jicho unapanda. Jicho lililokwisha kukatwa tundu dogo likigandamizwa hivyo, vilivyomo ndani vinasukumwa kutoka nje. Halafu kuna nywele za kope. Hizo ni makazi ya vijidudu, na vikiingia ndani ya jicho wakati wa upasuaji vinaweza kuliharibu kabisa ndani ya siku chache. Ndiyo maana kabla ya yote jicho hudondoshewa dawa ya ayodini ya rangi ya kahawia, nywele zikafunikwa kwa plastiki yenye gundi, na kitanua kope kikazishikilia mbali.

Nadhani kifaa hiki ndicho kinacholisha ule uvumi ambao umeshawazuia wazee wengi wasiende hospitali: kwamba jicho hung'olewa, likalazwa shavuni, likasafishwa, kisha likarudishwa. Hebu fikiria. Umefunikwa uso, unaona mwanga mkali tu, unahisi kope zikivutwa kila upande, na maji yanachuruzika kuelekea sikioni. Ukirudi nyumbani utasimulia nini? Jicho halitoki mahali pake hata kidogo. Kinachovutwa ni kope, na maji ni ya kulilowesha jicho lisikauke kwa sababu haliwezi kupepesa.

Kama mgonjwa ni wewe mtu mzima, mambo machache yanatosha. Mweleze daktari mapema kama uliwahi kuugua vikope, kufanyiwa upasuaji wa kope, au kama kope zako zinatoa usaha au nywele zinachoma jicho. Kope lenye makovu ni gumu kutanuka, na lenye maambukizi linapaswa kutibiwa kwanza; hapo kuahirishiwa tarehe ni kulindwa. Ukiwa kitandani, mvutano utausikia lakini hupaswi kusikia maumivu makali. Ukiyasikia, sema kwa mdomo, usitikise kichwa. Baada ya siku moja mbili unaweza kuhisi mchanga jichoni au kuona wekundu. Wengine kope la juu linalegea na jicho linaonekana dogo. Chanzo kinaweza kuwa sindano ya ganzi, uvimbe, au kule kutanuliwa kwenyewe, na kwa kawaida linajirudi ndani ya wiki au miezi michache. Lisiporudi baada ya miezi sita, rudi ukaonwe. Lakini jicho linalouma zaidi badala ya kupungua, linalotoa usaha au ambalo uwezo wake wa kuona unashuka halisubiri tarehe ya kliniki, ni siku hiyo hiyo.

Turudi kwa yule mtoto.

Jicho la mtoto aliyezaliwa miezi yake yote lina urefu wa milimita 17 hivi kutoka mbele hadi nyuma, la mtu mzima ni kama 24. Uwazi kati ya kope zake nao ni mfupi zaidi. Kwa hiyo ncha za kitanua kope cha mtu mzima, zenye upana wa milimita 14 au 15, hazimfai. Cha mtoto ni takriban 10, na cha mtoto njiti ni kama 5 tu. Ukilazimisha kikubwa, unachubua kioo cha mbele cha jicho, unachana pembe ya kope, au chuma kinakaa juu ya jicho lenyewe na kuligandamiza. Kidogo mno nacho kwa mkubwa hakifai, kinateleza na kope zinarudi katikati ya kazi.

Kuligandamiza au kulivuta jicho kuna jambo jingine ambalo wazazi hawaambiwi. Tangu 1908 waganga wanajua kwamba jicho likibanwa au misuli yake ikivutwa, mapigo ya moyo yanaweza kupungua ghafla. Kwa watoto hali hiyo hutokea kwa urahisi zaidi. Kwa kawaida daktari akiacha kuvuta, moyo unarudi kwenye mwendo wake, na dawa zipo. Lakini lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kuutazama moyo huo tu. Mtoto hapasuliwi mtoto wa jicho kwa ganzi kama babu yake. Analazwa kwa nusukaputi, na mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto anakaa kichwani pake.

Kwa hiyo muulize muuguzi wa kambi waziwazi: "Mna vifaa vya kope vya saizi ya mtoto? Na nani atamlaza mtoto usingizi?" Mahali panapopasua watoto mara kwa mara, maswali haya hayamshangazi mtu. Pakiwa na kigugumizi, usigombane na usikubali mtoto awe wa kujaribiwa. Omba barua ya rufaa. Hospitali kama KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam, au ile ya macho ya Kikuyu kwa wenzetu wa Kenya, zinahudumia macho ya watoto mwaka mzima.

Jibu ambalo halikubaliki ni "subiri kambi ijayo." Mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho mzito anahitaji kupasuliwa katika wiki chache za mwanzo wa maisha, kwa sababu ubongo hujifunza kuona mapema, na jicho lililozibwa linaachwa nyuma. Tena weupe ule unaweza kuwa saratani ya jicho, ambayo inaua. Utafiti wa KCMC uliochapishwa 2005 ulionesha jinsi watoto wenye mtoto wa jicho walivyochelewa kufikishwa hospitali, na walioishi mbali ndio waliochelewa zaidi. Kwangu mimi, kambi isiyoweza kumpasua mtoto bado inaweza kufanya kazi kubwa kwake: kumwandikia rufaa, kumpa tarehe, na kupiga simu kuhakikisha amefika. Hayo hayaingii kwenye hesabu ya macho yaliyopasuliwa, na ndiyo maana husahaulika.

Kuna kundi lingine la watoto ambalo linakua na halizungumzwi vya kutosha, nalo ni watoto njiti. Zamani mtoto wa gramu 1,200 hakufika mbali. Leo wodi za watoto wachanga zina oksijeni, na mama anambeba mwanawe kifuani kwa njia ya kangaruu mpaka anapata uzito. Anaishi. Lakini alizaliwa kabla mishipa ya damu ya retina, ile ngozi ya ndani inayonasa picha, haijamaliza kukua. Oksijeni ikizidi inaivuruga, na baadaye mishipa mibovu inaota na inaweza kuivuta retina mpaka ibanduke. Marekani na Ulaya walipitia janga hili katika miaka ya 1940 na 1950. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, ni mmoja wa waliopoteza kuona hivyo. Sasa ni zamu ya nchi ambazo zimejifunza kuwaokoa njiti kabla ya kujipanga kuyalinda macho yao.

Ulinzi wenyewe ni uchunguzi usiozidi dakika chache kwa kila jicho, na mtoto huwa macho, hajalazwa. Kwanza anadondoshewa dawa ya kupanua mboni, baadaye ganzi, kisha kile kitanua kope kidogo kuliko vyote kinawekwa. Nitakuambia ukweli, mama: haipendezi kutazama. Mtoto wa kilo moja na nusu, chuma jichoni, analia mpaka anabadilika rangi. Wazazi huona kama ukatili, na wapo wanaokataa kurudi mara ya pili. Mara ya pili ndiyo inayomwokoa, kwa sababu ugonjwa huu hukua kimyakimya kati ya uchunguzi mmoja na mwingine.

Una haki ya kudai maumivu yapunguzwe. Ganzi idondoshwe. Mtoto azungushiwe kanga vizuri, mikono ikiwa ndani. Apewe matone machache ya maji ya sukari mdomoni muda mfupi kabla, kwa kipimo cha wauguzi, si chako. Uliza anyonye mwisho saa ngapi ili asitapike. Mapigo ya moyo na oksijeni yake vitazamwe wakati wote. Na ukiona huwezi kutazama, toka nje, hakuna atakayekulaumu. Kope zikivimba kidogo au weupe wa jicho ukiwa na doa jekundu kwa siku chache, hayo ni ya kawaida.

Swali la mwisho ndilo ambalo wakuu wa hospitali hawalipendi. Kitanua kope kilichotoka kwenye jicho la mtoto mmoja hakiingii kwenye jicho la mwingine mpaka kitakaswe upya kwa mvuke. Mwaka 2016, katika wodi ya watoto wachanga ya hospitali moja Marekani, virusi vilisambaa kutoka mtoto hadi mtoto, na chanzo kilihusishwa na vifaa vya kuchunguzia macho. Huko hawana uhaba. Sasa piga hesabu ya kwetu. Daktari anakuja wodini mara moja kwa wiki, kuna njiti kumi wa kuonwa, na vitanua kope vya saizi yao viko viwili. Mzunguko mmoja wa kutakasa, pamoja na kukausha na kupoza, unakula karibu saa nzima. Ama watoto wanane wataambiwa warudi wiki ijayo, ama chuma kitafutwa kwa pamba yenye spiriti na kuendelea. Spiriti haitakasi kifaa, na ikibaki kwenye chuma inaunguza jicho. Vinahitajika kumi, kila kimoja kwenye pakiti yake. Hivi si vifaa adimu. Mji wa Sialkot, Pakistan, unatengeneza vifaa vya upasuaji vya chuma kwa ajili ya dunia nzima, na ukilinganisha na bei ya darubini moja, seti nzima ya vitanua kope ni kitu kidogo. Kinachokosekana ni mtu wa kuviandika kwenye orodha ya manunuzi. Kamati za afya za wilaya zina wajumbe wa wananchi. Kama wewe ni mmoja wao, uliza orodha hiyo ina nini kwa ajili ya watoto.

Na kama una njiti nyumbani, angalia kadi yake leo. Aliyezaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya gramu 1,500 lazima macho yake yaonwe. India wamepanua kipimo hadi gramu 2,000 au wiki 34, na katika wodi ambazo oksijeni haipimwi kwa uangalifu ningefuata kipimo hicho. Uchunguzi wa kwanza usipite wiki ya nne tangu azaliwe, hata kama ameshapewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Daktari akisema mtoto anahitaji tiba, ya mwanga wa leza au ya sindano, anamaanisha ndani ya siku mbili au tatu. Usiende kwanza kijijini kutafuta nauli. Mwambie ustawi wa jamii wa hospitali palepale, kabla hujatoka getini.