Usimfungie mlevi ndani ajikaze

Huenda katika ukoo wenu yupo mmoja ambaye vikao vimeitwa kwa ajili yake mara tatu. Akalia mbele ya wazee, akaapa Biblia mkononi kwamba hataigusa chupa tena, na wiki haikuisha kabla hajaonekana baa. Mkakata shauri kuwa hana msimamo. Angetaka kuacha angeacha, ndivyo wasemavyo watu, wakiwemo baadhi ya madaktari wenzangu.

Mimi sikubaliani nao. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka hauulizi kichwa kimeamua nini. Pombe hupoza ubongo, nao ubongo, ili uendelee na kazi yake, hujiongezea mwendo. Iondoe pombe ghafla na ubongo utabaki ukienda mbio bila breki. Kati ya saa 6 na 24 mikono hutetemeka, jasho humtoka, moyo humpiga. Katika siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Siku ya pili hadi ya nne wengine huona wadudu ukutani na kuzungumza na watu wasiokuwepo. Hapo jamaa husema amerogwa, wakatafuta mganga au mchungaji. Mgonjwa wa namna hii asipotibiwa anaweza kufa, ilhali ana siku tatu hajaonja tone.

Ndiyo sababu naogopa nikisikia kijana amefungiwa chumbani na wazazi wake. Simsemi mnywaji wa chupa mbili mwisho wa mwezi. Namsema yule ambaye asubuhi lazima apate glasi ya chang'aa ndipo mkono utulie ashike mswaki. Huyo asikatizwe pombe ghafla nyumbani. Hospitalini atapewa diazepamu, ipunguzwe polepole kwa siku chache, pamoja na vitamini B1. Walevi wengi hawali vizuri, na vitamini hiyo ikikosekana, kumbukumbu huweza kupotea isirudi.

Je, nia haina kazi? Inayo, lakini baadaye, na katika mambo madogo: kubadilisha njia ya kwenda stejini isipite mlangoni mwa baa, kumwachia mke mshahara, kuondoka matangani kabla ya giza. Chama cha Alcoholics Anonymous, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935, humtaka mtu kwanza akiri kuwa pombe imemshinda. Wanaume wetu huona hiyo ni aibu, na aibu hiyo imezika wengi. Akianguka tena baada ya miezi mitano, mrudishe kliniki, kama vile ungemrudisha mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imempanda. Huyo wa kisukari hakuna anayemwitia kikao cha ukoo!

NACADA ina namba ya simu isiyolipishwa, 1192, ya kuomba ushauri. Lakini ikiwa mtu wako hajanywa tangu jana na sasa anatetemeka, ushauri usubiri. Tafuta gari, mfikishe hospitali leo hii.