Kilo Zikirudi, Asiitwe Mlafi

Picha ni mbili, zimebandikwa pamoja kwenye simu. Kushoto yuko mwanamke wa kilo 95, kulia ni yuleyule akiwa na 70, gauni limemkaa, na pongezi chini yake hazihesabiki. Mwaka mmoja baadaye anakutana na watu walewale kwenye harusi, na hata salamu haijaisha anaulizwa: "Mbona umerudia?" Jibu wameshalipanga kabla hajafungua mdomo. Kashindwa kujizuia. Kazirudia chapati zake. Mlafi.

Imani hiyo imeenea vijiweni na kwenye jimu, na wakati mwingine hata mezani kwa daktari: kazi ni kupungua, ukishafika umefika, na kubaki pale ni suala la kufunga mdomo tu. Ni imani ya uongo, na madhara yake ni makubwa. Inawafanya watu waache kujiandaa kwa sehemu ngumu kuliko zote, kisha inawatukana wanapoanguka.

Marekani kulikuwa na shindano la televisheni lililoitwa The Biggest Loser. Washiriki walifanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku, walikula kidogo sana, na aliyepungua kuliko wenzake akaondoka na fedha. Danny Cahill alishinda mwaka 2009. Aliingia na kilo 195 na baada ya miezi saba akabaki na kama 87. Mtu wa namna hiyo huwezi kumfundisha nidhamu. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata, zaidi ya kilo 45 zilimrudia.

Kevin Hall, wakati huo mtafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, aliwapima washiriki 14 wa shindano hilo miaka sita baada ya kumaliza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Kwa wastani kila mmoja alikuwa amepungua kilo 58, na 41 kati ya hizo zilikuwa zimerudi. Hilo halikuwashangaza wataalamu. Kilichowashtua ni kwamba miili hiyo, ikiwa imepumzika tu, ilikuwa inachoma kalori zipatazo 500 pungufu kwa siku kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa umri na ukubwa wao. Miaka sita imepita, na mwili bado unabana matumizi kana kwamba njaa haijaisha. Tena waliofaulu zaidi kubaki wadogo ndio ambao miili yao ilibana zaidi. Ukimwona mmoja wao barabarani, mwembamba, usidhani amepumzika.

Hebu tulilete jikoni. Wanawake wawili wameketi meza moja, kila mmoja ana kilo 70. Mmoja hajawahi kuzidi hapo maishani mwake, mwenzake ametoka 95. Wanapakuliwa wali na maharage kwa kipimo kilekile. Sahani inayomtosha wa kwanza inaweza kumwongezea wa pili uzito, na huyo wa pili akainuka mezani bado ana njaa. Mizani haiwatofautishi, na majirani ndiyo kabisa.

Hiyo njaa nayo imepimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha habari za watu 50 waliowekwa kwenye mlo mdogo sana kwa wiki 10, wakapungua kilo zaidi ya 13 kwa wastani. Mwaka mmoja baadaye damu yao ilipimwa tena. Leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba akiba ipo, ilikuwa bado chini. Ghrelini, inayochochea njaa, ilikuwa bado juu. Wenyewe walisema wanasikia njaa kuliko kabla hawajaanza. Hall na wenzake wamekadiria kwamba kwa kila kilo inayotoka, hamu ya kula hupanda kwa kalori kama 100 kwa siku, huku matumizi ya mwili yakishuka kwa 20 hadi 30. Kwa makadirio hayo, aliyepungua kilo 10 anaamka kila asubuhi na mwili unaomdai kalori 1,000 zaidi ya zile alizokuwa akila alipokuwa mnene. Halafu anaambiwa ajizuie, kama vile hajizuii.

Wapo watakaosema kwamba hao ni watu waliokuwa wanene tangu mwanzo, wenye mazoea mabaya. Basi na watazame vijana 36 wa Minnesota. Kuanzia mwishoni mwa 1944, Profesa Ancel Keys aliwaweka chini ya uwanja wa michezo wa chuo kikuu na kuwapunguzia chakula kwa miezi sita, ili dunia ijue namna ya kuwalisha walionusurika njaa ya vita. Vijana hao walikuwa wamekataa kushika bunduki kwa sababu ya imani yao, na wakajitolea kushinda na njaa badala yake. Walichaguliwa kwa afya yao na uimara wa akili yao. Hakukuwa na mnene kati yao. Walipopoteza karibu robo ya uzito wao, walianza kulamba sahani, kukusanya vitabu vya mapishi na kuota chakula usiku. Waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula kalori elfu kadhaa kwa siku na bado wakasema hawashibi, na mafuta yao ya mwilini yakapita kiwango cha awali. Ulafi uliwaingiaje watu hao wote kwa pamoja, na kwa wakati mmoja?

Dawa mpya nazo zimetoa ushahidi wa aina yake. Watu waliopungua kwa sindano za semaglutide, kisha wakaacha dawa, walirudisha karibu theluthi mbili za uzito walioupoteza ndani ya mwaka mmoja.  Pamoja na dawa kiliondoka kile kilichokuwa kinaituliza njaa.

Jambo hili linatugusa na huku Afrika Mashariki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Kenya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba theluthi moja ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Tanzania, mihadhara ya daktari Profesa Mohamed Janabi kuhusu chakula imewafanya watu wabishane kuhusu ugali na idadi ya milo hadi kwenye daladala, na ni vyema. Lakini mabishano yote ni ya namna ya kupungua. Anayeuza programu ya siku 21 hana ukurasa wa siku ya 22. Mteja akifika lengo anapigwa picha, anatumika kama tangazo na kuachwa. Kilo zikirudi, analipa tena kuanza upya. Biashara inayopata faida kwa kuanguka kwa mteja wake, huku ikimlaumu kwa kuanguka huko, haistahili kuitwa huduma ya afya.

Tena, kubaki kunafundishika. Mtafiti Rena Wing na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2006, waliwachukua watu 314 waliokuwa wameshapungua na kuwagawa makundi matatu. Kundi moja lilitumiwa majarida tu, jingine lilisaidiwa kwa intaneti, la tatu likakutana ana kwa ana, kila wiki mwanzoni na baadaye kila mwezi. Waliokuwa na msaada walipewa mizani na rangi: kijani maana yake endelea, njano jihadhari, nyekundu, yaani zimeongezeka kilo 2.3, rudi kwenye mpango mara moja. Baada ya miezi 18, asilimia 72 ya waliopewa majarida walikuwa wamerudisha kilo hizo au zaidi. Kwa waliokutana ana kwa ana ilikuwa 46. Kilichowatofautisha ni kufuatiliwa.

Kwa hiyo wiki ya kufika lengo ndiyo wiki ya kumshika mtu mkono. Chakula kiongezwe kidogo kidogo, huku mizani ikitazamwa kwa wiki kadhaa, mpaka ijulikane mwili huu mpya unabeba kiasi gani. Kirudi kikiwa na protini ya kutosha: dagaa, mayai, choroko, samaki. Utafiti mkubwa wa Ulaya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliokula protini zaidi, pamoja na wanga usiopandisha sukari haraka, walidumisha uzito wao vizuri kuliko wenzao. Mazoezi yasiachwe, maana wengi wa waliojiandikisha Marekani kama watu waliofanikiwa kubaki hufanya mazoezi kwa wastani wa saa moja kwa siku, na robo tatu yao hujipima angalau mara moja kwa wiki. Si mzigo mdogo. Mama anayefungua genge alfajiri na kurudi usiku ana haki ya kuambiwa ukubwa wa mzigo huo kabla hajaanza, ili achague lengo analoweza kuishi nalo, pengine kilo 85 badala ya 70.

Na hata kilo zikirudi, hazifuti faida yote. Marekani, watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari waliingizwa kwenye utafiti ambao matokeo yake yalitoka 2002. Waliosaidiwa kupungua na kufanya mazoezi walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58 katika miaka kama mitatu. Kadiri miaka ilivyokwenda, sehemu kubwa ya uzito ule iliwarudia. Miaka kumi ilipotimia, bado kisukari kilikuwa kimepungua kwao kwa asilimia 34 wakilinganishwa na wale ambao mwanzoni hawakusaidiwa. Wanaoulizwa harusini kwa nini wamerudia wanaweza kuwa miongoni mwa watu wa namna hiyo, na muuliza swali hana habari.