Saa inayojua Februari

Kuna wenye kutoka machimboni na kununua saa ya bei kali hapa Katoyi, juu inaonyesha tarehe. Lakini saa ya kawaida inahesabu 31 kila mwezi. Mara 5 kwa mwaka unapaswa kuirekebisha mwenyewe.

Saa ya kalenda ya kudumu ni nyingine. Patek Philippe wa Uswisi walitengeneza ya mkono ya kwanza mwaka 1925. Katika nyingi, mna gurudumu dogo lenye kuzunguka mara moja tu kwa miaka 4, bila betri. Ukingoni limechongwa mabonde: mwezi wa siku 31 hauna bonde, wa 30 una bonde fupi, Februari lenye kina. Kijiti kinagusa ukingo ule. Kikizama zaidi, kinasukuma tarehe mbali zaidi, toka 28 moja kwa moja hadi 1. Februari ya siku 29 ina bonde lake. (Mwaka 2100 utaidanganya: ule hauna 29.)

Sasa muuzaji akikuapia, kwanza tazama kama inaonyesha mwezi. Ikiuonyesha, aiweke 28 Februari ya mwaka mfupi, kama 2023, azungushe mishale kupita saa sita ya usiku. Ikitoka 29, alipwe bei ya saa ya kawaida.