Sahani ya Mtoto Kabla ya Kiti Chake

Viti virefu vya kulishia watoto, vyenye mkanda na kimeza mbele, vimekuwa alama ya malezi bora katika picha za matangazo. Huku kwetu Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, mtoto hula mapajani mwa mama, au mkekani kando ya ndugu zake, mbele ya sinia moja ya bukari (ugali) na sombe (kisamvu). Kabla ya kukitamani kiti hicho, naomba kila mtoto apewe sahani yake na mtu wa kuketi naye hadi amalize. Tumbo la mtoto mdogo huchukua takriban gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 8 hujaa kwa gramu 240 hivi. Akipewa uji mwepesi wa mihogo, amejazwa maji. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri milo 2 au 3 kwa siku katika miezi 6 hadi 8, na 3 au 4 kuanzia miezi 9, na uji uwe mzito. Karanga za kusaga, mawese, samaki aliyetolewa miiba: vyote vipo huku kwetu. Lakini kwenye sinia, kaka wa miaka 10 humega matonge matatu mdogo akiwa bado anatafuna la kwanza, na hakuna ajuaye mdogo huyo amepata nini. Utafiti wa taifa wa 2013–2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mizani ya kupimia watoto ilishatumika Kasongo tangu miaka ya 1970, wakati wa mradi wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, ila mizani hueleza wiki zilizopita; sahani hueleza mlo wa leo.

Wapo watakaosema sinia ni shule ya ushirika. Ni kweli, nami sitaki iondolewe. Sahani ya mdogo iwekwe palepale mkekani, katikati ya wenzake. Gumu zaidi ni suala la mama aliyetoka alfajiri kwenda shambani, maana anayebaki kulisha ni dada wa miaka 8 mwenye njaa yake mwenyewe. Huyo hasa ndiye anayehitaji kuachiwa kipimo anachokiona kwa macho. Mtoto akae wima asipaliwe, hilo halina ubishi, lakini kiti kirefu juu ya sakafu ya udongo isiyo sawa huweza kupinduka. Kigoda kifupi chenye egemeo hakimshindi fundi wa mbao wa Kasongo. Na familia inayokimbia vita Kabambare, hata ikiacha kigoda, inaweza kubeba bakuli dogo.