Mashine ya Chai Haimpi Mtu Barua

Mwezi Mei 2023 waandamanaji waliingia kwenye mashamba makubwa ya chai ya Kericho, wakazitia moto mashine za kuchuma majani. Tisa kati ya zilizoteketea zilikuwa za Ekaterra, kampuni iliyochukua mashamba ya Unilever, na wenye mashamba wakakadiria hasara kuwa shilingi milioni 170 za Kenya. Mwandamanaji mmoja aliuawa. Polisi na wafanyakazi kadhaa walijeruhiwa.

Serikali ililichukua jambo hilo kama suala la usalama, na hakuna anayepaswa kutetea moto. Lakini chini ya moto ule kuna hesabu ambayo Kenya haijaifanya sawasawa hadi leo: nani huandikwa kwamba amepoteza kazi, na nani hutoweka pasipo jina lake kuingia kwenye karatasi yoyote.

Kazi yenyewe ni hii. Mchuma chai wa mkono hutafuta majani mawili na chipukizi lake, huyatupa kikapuni mgongoni, hupeleka mzigo kupimwa, na hulipwa kwa kilo. Mashine nayo hukata usawa mmoja juu ya vichaka. Ipo ndogo inayoshikwa na watu wawili, ipo kubwa inayojiendesha kati ya mistari, na katika mijadala ya mwaka ule ilielezwa kwamba mashine moja yaweza kuchukua nafasi ya watu hadi 100. Nicholas Kirui, mjumbe wa kikosi kazi kilichoundwa na kaunti ya Kericho, alisema ajira 30,000 zilikuwa zimepotea katika kaunti hiyo pekee ndani ya mwongo mmoja. Kirui si mwanaharakati wa barabarani. Aliwahi kuwa mtendaji mkuu wa Chama cha Wakuzaji Chai Kenya, yaani chama cha wenye mashamba wenyewe.

Sasa tuulize: watu 30,000 waliondokaje? Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa kazi, aeleze sababu na ukubwa wa upunguzaji, achague wa kuondoka kwa kuzingatia muda wa utumishi, ujuzi na uwezo, kisha alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Ni kifungu kizuri, ila kimeandikwa kwa ajili ya mtu aliyeshika barua ya ajira ya kudumu.

Wachumaji wengi hawakuwa na barua hiyo. Wao ni wa msimu. Mvua zikinyesha na majani yakijaa, huitwa. Kiangazi kikikausha vichaka, mkataba humalizika wenyewe na mtu hurudi kwao kusubiri. Mama anaweza kuitwa hivyo mwaka baada ya mwaka hadi watoto wake wakakua kwa mshahara huo. Siku mashine inapofika, kampuni haihitaji kumfukuza. Inatosha isimwite. Hakuna taarifa ya mwezi mmoja, hakuna siku 15, hakuna afisa wa kazi wa kuhesabu chochote, kwa sababu machoni mwa sheria hakuna aliyeachishwa kazi. Kampuni inaweza kusema, na kusema kweli, kwamba haikumfukuza mtu hata mmoja msimu huo.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha ugomvi huu. Mjadala umezama kwenye swali la kuruhusu au kukataza mashine, kana kwamba madhara yote yanatoka kwenye chuma. Madhara makubwa yanatoka kwenye mlango huu wa nyuma ambao sheria imeuacha wazi, na mashine imepitia humo tu.

Hoja ya kampuni nayo ina uzito wake. Chai nyingi ya Kenya huuzwa kwenye mnada wa Mombasa kwa bei ambayo mkulima haipangi, ilhali mishahara, mbolea na umeme hupanda. Anayedhani kwamba kuzuia teknolojia kunatosha kulinda ajira aende Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikaliteka soko, mashamba yakageuka vichaka, na maelfu ya wakata mkonge wakapoteza riziki bila mashine yoyote kuingia shambani mwao. Zao likifa, hakuna kazi ya kugombania.

Hata hivyo hoja hiyo haisemi faida iende wapi. Gharama ya kuchuma kilo moja ikishuka, tofauti ile inabaki kwa mtu fulani. Haikuanguka kutoka mbinguni. Sehemu yake ni ujira ambao jana ulilipwa kwa mikono 200. Tena si kweli kwamba kila kilichookolewa ni faida tupu, maana mashine haichagui: hukata jani gumu pamoja na laini, na kiwandani jani gumu halitoi chai sawa na ile ya majani mawili na chipukizi.

Kipo pia kitu ambacho hesabu ya siku 15 haikigusi kabisa. Katika mashamba ya Kericho, Bomet na Nandi, kazi haikuwa mshahara peke yake. Ilikuja na nyumba ya kampuni, shule ya watoto, zahanati, maji. Chukua mfanyakazi wa kudumu aliyetumika miaka 20: kiwango cha chini cha sheria kinampa mshahara wa siku 300. Ng'ambo ya mpaka, sheria ya Tanzania ya 2004 ingempa siku 70 tu, kwa kuwa inahesabu siku saba kwa mwaka na kuishia miaka kumi. Kwa mshahara huo wa siku 300 atafute nyumba ya kupanga, ahamishe watoto shule, aanze maisha mahali ambako pengine hajaishi tangu ujana wake. Wengi walitoka mbali, kutoka Kisii na nchi ya Waluo na Waluhya, na kurudi nyumbani kwao ni kurudi kwenye kishamba ambacho ndugu walishagawana.

Kwa wenyeji, jeraha ni la zamani zaidi. Ardhi ile ya chai ilitwaliwa na serikali ya kikoloni kutoka kwa Wakipsigis, na ukoo wa Talai ukahamishiwa Gwassi mwaka 1934. Dai lao lilifika hadi kwa wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa, na halijalipwa. Kwa miaka mingi kilichofanya jirani avumilie kuyatazama mashamba yale kutoka nje ya ua ni kwamba angalau mwanawe angepata kibarua mle ndani. Mashine imeondoa kibarua, dai la ardhi limebaki peke yake. Anayeshangaa hasira ya 2023 hajaipima historia hiyo.

Kikosi kazi cha kaunti kilipendekeza uwiano wa 60 kwa 40: asilimia 60 ya chai ivunwe kwa mashine, 40 kwa mkono. Naheshimu nia yake, lakini uwiano huo ni dawa dhaifu. Unapimwa kwa kilo, kwa ekari au kwa vichwa vya watu? Nani atakagua kila shamba? Na hata ukifuatwa, hausemi lolote kuhusu mama aliyekuwa upande wa ile 60.

Ningependelea mambo magumu zaidi. Bunge lirekebishe kifungu cha 40 ili mtu aliyeitwa na mwajiri mmoja misimu kadhaa mfululizo ahesabiwe kuwa amepunguzwa kazi pale asipoitwa kwa sababu ya mashine. Kazi za kuendesha na kutengeneza mashine zitolewe kwanza kwa waliokuwa wachumaji, na mafunzo yagharimiwe na mwenye mashine. Wanawake watajwe wazi hapo, kwa kuwa kazi hizo mpya zimeelekea kwa vijana wa kiume, huku kikapu kikiwa kimebebwa na wanawake wengi. Na nyumba isitwaliwe siku mshahara unapokoma.

Wakati wa kuyadai ni sasa, kwa sababu meza ya mazungumzo imebadilika. Kampuni ya Browns kutoka Sri Lanka ilinunua mashamba ya James Finlay ya Kenya, na mwaka 2024 ikatangazwa kuwa mnunuzi wa mashamba ya Lipton, ndiyo Ekaterra ya awali, nchini Kenya, Tanzania na Rwanda. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, kilichozoea kugombana na kampuni moja moja, sasa kinamkabili mwajiri mmoja mwenye sehemu kubwa ya chai ya Kericho. Kabla ya kujadili nyongeza ya mshahara, kidai kwanza takwimu mbili kutoka kwenye vitabu vya kampuni: kilo moja iligharimu kiasi gani kuchumwa kwa mkono, na sasa inagharimu kiasi gani kwa mashine. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo fedha ya kugawana, na mgawanyo wake uandikwe kwenye mkataba wa pamoja, pamoja na majina ya wale ambao hawakuitwa.