UCHAMBUZI: Upepo huwaponza watelezaji thelujini hata baada ya dhoruba kutulia

MNAMO Februari 17, 2012, Mwanamfalme Friso wa Uholanzi alifunikwa na poromoko la theluji alipokuwa akiteleza nje ya njia rasmi mjini Lech, Austria. Ubongo wake ulikosa hewa, hakupona, na akafariki Agosti 2013.

Siku hiyo tahadhari ilikuwa daraja la 4 kati ya 5. Siku mbili baadaye, watu watatu waliokuwa na tajriba kubwa ya mchezo huo waliangamia Tunnel Creek, jimbo la Washington, Marekani. Ni dhahiri kwamba ujuzi pekee si kinga.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Milimani, hata hivyo, mauti huweza kuvizia chini ya anga iliyotakata.

Sababu ni upepo. Huparura theluji upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili uliokingwa, pengine kwa kasi mara 10 kuliko inavyoanguka kutoka angani. Hivyo mteremko huzidiwa na mzigo ilhali hakuna theluji mpya inayoanguka.

Chembe zilizosagwa na upepo hushikamana zikawa bamba. Bamba hilo likilala juu ya tabaka dhaifu, hasa kwenye mwinamo wa digrii 30 hadi 45, uzito wa mtu mmoja hutosha kulivunja. Aghalabu ufa hutokea juu yake, naye hujikuta katikati ya bamba linaloporomoka.

Kinaya ni kwamba miteremko hiyo iliyokingwa ndiyo huwavutia watelezaji, kwa kuwa theluji yake ni nyingi na laini machoni. Katika ajali nyingi mno zinazoua, anayeanzisha poromoko ni mwathiriwa mwenyewe au mwenzake.

Vifaa vya kunasa mawimbi na mifuko ya hewa vimeokoa wengi, lakini husaidia baada ya janga kutokea. Matumaini ya aliyefukiwa hudidimia upesi baada ya dakika 10 hadi 15, muda ambao waokoaji kutoka mbali ni nadra kufika.

Dalili, hata hivyo, huonekana mapema: nyufa zinazokimbia mbele ya mbao za kutelezea, theluji inayolia kama ngoma ikikanyagwa, na marundo yanayoning'inia ukingoni mwa vilele. Anayeziona hana budi kugeuka, hata kama jua linawaka.